Nani Amfuate Mgonjwa wa Presha Kisian?

Kwenye vituo vya afya vilivyo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mgonjwa wa presha anajulikana kwa daftari lake. Ni daftari la mwanafunzi, amelinunua dukani kwa fedha zake, na ndani kila ziara imeachiwa mistari miwili: 168/102, jina la dawa, mhuri, mwezi unaofuata 154/96, jina la dawa, mhuri. Likiloweshwa na mvua au likichanwa na mjukuu, historia yake ya matibabu imeishia hapo. Jirani yake kwenye benchi, anayeishi na VVU, ana faili linalobaki kituoni na tarehe ya miadi iliyosajiliwa. Yupo pia mtu aliyeajiriwa kumpigia simu akikosa kuja. Wote wawili wana ugonjwa wa kuishi nao mpaka mwisho wa maisha. Mara nyingine ni mtu mmoja mwenye maradhi yote mawili, na hapo anabeba daftari kwa ajili ya moyo wake na kuachiwa faili kwa ajili ya virusi.

Elimu ya mgonjwa wa moyo na mishipa ya damu huzungumzwa kana kwamba ni suala la maneno: watu hawajui, waambiwe, watajua. Nyanza inaonyesha vingine. Maneno yapo tele. Kinachokosekana ni muuguzi mwenye muda, mwenye dawa kabatini, na mwenye ruhusa ya kumfuata mgonjwa baada ya siku ile ya kwanza. Jambo la kukera ni kwamba mfumo wa kufanya hivyo ulishajengwa huku huku kando ya Ziwa Victoria, kwa ugonjwa mwingine.

Kisian yenyewe ni soko la njia panda, kilomita kumi na kitu magharibi ya Kisumu, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Kwa watafiti wa dunia, jina hilo lina uzito usiolingana na ukubwa wa soko. Hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI, taasisi iliyoanzishwa 1979, ambacho kwa miongo kadhaa kimefanya kazi pamoja na CDC ya Marekani. Majaribio makubwa ya vyandarua vyenye dawa huko Asembo, majaribio ya chanjo ya malaria na tafiti nyingi za kifua kikuu na VVU zimepitia mikono ya watu wa Kisian. Kituo hicho pia kimekuwa kikifuatilia maelfu ya kaya za Asembo, Gem na Karemo, kikiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Panapotokea kifo, mhoji huenda nyumbani na kuwauliza wafiwa dalili zilizotangulia, ili madaktari wakisie chanzo.

Hesabu hizo za vifo zilisema jambo mapema. Kati ya 2003 na 2010, sehemu ya vifo vya watu wazima vilivyotokana na magonjwa yasiyoambukiza ilikuwa ikipanda, na magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa miongoni mwa yaliyoua wengi. Yaani wakati magari ya miradi yakipishana barabarani kwa ajili ya mbu na virusi, wazee walikuwa wakianguka kwa kiharusi na kuandikwa kwenye fomu ya mahojiano baada ya matanga. Siwalaumu watafiti, fedha huja zikiwa zimeandikwa jina la ugonjwa. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba habari hazikuchelewa kufika.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko wote, ingawa wauguzi wengi wa leo hawajausikia. Katika miaka ya 1980, mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwapima Waluo wa vijiji vya ufuo wa kaskazini wa ziwa, kisha wakawafuata zaidi ya 300 waliohamia Nairobi, huku wakiendelea kuwapima waliobaki kijijini kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yalichapishwa 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Presha ya waliohama ilianza kupanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo ukilinganishwa na wa ndugu zao waliobaki nyumbani. Ukoo ni ule ule, na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha na kilichomo kwenye sufuria.

Somo hilo lingepaswa kuwa msingi wa kila mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa katika eneo hili, kwa sababu linaondoa lawama na ushirikina kwa pamoja. Badala yake, mgonjwa huambiwa sentensi moja: "Punguza chumvi." Anaitikia, anarudi nyumbani, anaacha kuongeza chumvi mezani. Mboga ya apoth inaendelea kulainishwa kwa magadi kama ilivyokuwa tangu zamani za bibi yake, mchuzi wa omena unaendelea kukolezwa kwa vikolezo vya pakiti, na mkate wa dukani unaliwa asubuhi. Sodiamu iliyomo kwenye magadi ni ile ile iliyomo kwenye chumvi, ila hakuna aliyemtajia magadi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha kila kilichofichwa ndani ya chakula. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa alipika nini jana, nani aliyepika na alitia nini, atapata habari ambazo kijikaratasi hakiwezi kumpa. Mara nyingi atagundua kwamba mwenye kupaswa kufundishwa ni mkaza mwana, maana ndiye mwenye jiko, naye hakuja kliniki.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Miongoni mwa wenye tatizo, waliojua kwamba wanalo walikuwa kama 16 kwa kila 100. Kati ya hao waliojua, kama robo tu ndio waliokuwa wakimeza dawa. Kwa hiyo kuna kupotea mara mbili, kabla ya kipimo na baada ya kipimo. Kampeni nyingi zimeelekezwa kwenye upotevu wa kwanza kwa kuwa ndio unaopigika picha: hema, foleni, mashine, fulana. Huu wa pili hauna hema.

Hata kipimo chenyewe ni kazi ya ustadi inayodharauliwa. Mgonjwa aliyepanda boda kutoka bondeni, akafika akihema, akawekwa kitini na kufungwa mkanda juu ya mkono wa sweta huku akiulizwa jina na umri, atatoa namba ya uongo. Anatakiwa apumzike dakika tano, mgongo uegemee, nyayo ziguse sakafu, kibofu kiwe kitupu, mkono uwe wazi na usawa wa moyo, na asizungumze. Kisha apimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba isivyo halali. Kituo chenye muuguzi mmoja na wagonjwa wengi hakina dakika tano za kumgawia kila mtu, na hapo ndipo watu huanzishwa dawa wasizozihitaji, au wanaozihitaji hurudishwa nyumbani wakiambiwa "ni uchovu tu".

Akishaandikiwa dawa, safari ndiyo kwanza inaanza. Presha haiumi. Mtu wa Seme au Kisumu Magharibi anayejisikia mzima hana sababu ya kuamini kwamba ni mgonjwa, hasa kama anavyoelewa yeye presha huletwa na mawazo: mume akiacha ugomvi na mtoto akipata karo, presha itakwisha. Kichwa kikimuuma anameza, kikiacha naye anaacha. Elimu inayomwambia tu kwamba "imani hiyo si sahihi" haifiki popote. Ninachokiona kuwa na nguvu zaidi ni muuguzi kumwonyesha namba zake mwenyewe katika daftari lile: wiki alizomeza na wiki alizoacha, zikiwa kwenye ukurasa mmoja.

Halafu kuna madhara ya dawa, ambayo wagonjwa wachache huonywa. Amlodipine huweza kuvimbisha miguu. Asiyeambiwa atadhani moyo umezidi, au amerogwa, na ataitupa. Enalapril humletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na Nyanza kikohozi kisichoisha humfanya mtu afikirie kifua kikuu. Dawa za kupunguza maji mwilini humpeleka mtu chooni kila mara, na kwenye matatu ya kwenda Bondo hakuna choo. Kwa hiyo siku ya safari haimezwi. Siku za mazishi nazo ni safari, na mazishi ya Kiluo hayaishi kwa siku moja: mtu hukaa ugenini siku kadhaa, analala kitini, anakula alichopewa, na dawa ameiacha nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Muuguzi anayejua nchi yake atamwambia ahamishie kidonge jioni baada ya kufika, na atamwambia abebe vidonge vya wiki nzima hata akisema anarudi kesho.

Wanaume wana la kwao. Baadhi ya dawa za presha huweza kupunguza nguvu za kiume, na mzee wa miaka 55 hawezi kulisema hilo mbele ya binti wa umri wa mwanawe. Ataacha tu kuja. Kwenye rejista ataandikwa "amepotea", ilhali yupo nyumbani, umbali wa nusu saa kwa mguu. Lazima muuguzi ndiye alitaje kwanza, kwa heshima, kama jambo linalowapata wengi na linaloweza kutatuliwa kwa kubadili kidonge. Na kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, kuna swali lisilopaswa kusahauliwa kamwe, maana enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni.

Sasa turudi kwa yule jirani mwenye faili. Virusi vilipoikumba Nyanza kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, ilibidi kubuni namna ya kumtunza mtu mmoja kwa miaka mingi katika zahanati isiyo na daktari. Wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ambazo awali zilikuwa za madaktari. Watu waishio na virusi wakaajiriwa kuwafundisha wenzao. Dawa zikawa bure na zikawa zinafika. Aliyetulia akapewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja ili asipoteze siku kila mwezi, na mvuvi wa omena, ambaye usiku wake ni wa ziwani na mchana wake ni wa kulala, akatafutiwa utaratibu unaomfaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji virusi ili kifanye kazi.

Kwamba mfumo huo unaweza kuhamishwa si ndoto. Utafiti wa SEARCH, ulioendeshwa kuanzia 2013 katika jamii 32 za Uganda na Kenya, zikiwamo za Nyanza, ulipima VVU pamoja na presha na kisukari kwenye kambi moja, kisha ukawatunza wote kwa mtindo mmoja: miadi ya kila miezi mitatu, namba ya simu ya mhudumu, ukumbusho, na kliniki isiyokaripia. Matokeo yalichapishwa 2019. Katika jamii zilizohudumiwa hivyo, 47 kwa kila 100 ya waliokuwa na shinikizo la juu walikuwa wamedhibitiwa baada ya miaka mitatu. Katika jamii za kulinganishia walikuwa 37. Tofauti ya watu kumi katika kila mia si ndogo kwa ugonjwa unaomaliza nguvu-kazi ya familia kwa kiharusi kimoja. Lakini tusome namba hiyo kwa pande zote mbili: hata kwenye mradi wenye fedha na usimamizi, zaidi ya nusu hawakudhibitiwa.

AMPATH, ubia uliozaliwa Eldoret kwa ajili ya VVU, nao ulipeleka wauguzi wa vijijini magharibi mwa Kenya kwenye kazi ya presha wakifuata mwongozo wa hatua kwa hatua. Baadaye ukajaribu kuunganisha vikundi vya akiba na mikopo na kliniki ya pamoja, wanachama wakikutana, wakipimwa, wakifundishwa na kuweka fedha siku hiyo hiyo. Presha ilishuka katika makundi yote yaliyofuatiliwa, hata lile lililopata huduma ya kawaida, na tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kumaliza ubishi. Naona matokeo hayo yana faida kuliko ushindi wa kelele. Yanadokeza kwamba mtu akifuatiliwa tu kwa uaminifu, kwa njia yoyote ile, nusu ya kazi imefanyika. Chama cha akina mama kina uzuri mwingine: mwanachama asipotokea, wenzake wanauliza.

Kuna sababu nyingine ya kuunganisha vyumba viwili, cha presha na cha virusi. Watu wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo kuliko wengine wa umri wao, na kwa dawa za leo wanazeeka. Jaribio la REPRIEVE, lililojumuisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwamo, lilionyesha 2023 kwamba dawa ya kupunguza lehemu ilipunguza kwa takriban theluthi moja matukio makubwa ya moyo na kiharusi miongoni mwao. Kliniki ya virusi isiyofunga mkanda mkononi mwa mteja wake wa miaka 50 inamwokoa upande mmoja na kumwacha upande mwingine.

Nimezungumza zaidi juu ya presha kwa kuwa ndiyo pana, lakini uuguzi wa moyo huonekana ulivyo pale moyo unaposhindwa kusukuma damu. Mgonjwa huyu hulazwa Kisumu, labda katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku ya damu, watu walipopigwa risasi, ambayo Kisumu haijaisahau. Hukamuliwa maji, pumzi hurudi, huruhusiwa. Nyumbani anachohitaji ni mizani na mtu wa kumwelekeza: ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu asingoje kuvimba, aende kituoni. Akianza kuhitaji mto wa pili na wa tatu ili alale, vilevile. Lakini wangapi wana mizani? Mara nyingi iliyo karibu ni ya kupimia mahindi sokoni. Hapa ndipo hatua ya serikali ya 2023 ina maana: wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani, kila mmoja akiangalia kaya zipatazo mia. Mizani ya mhudumu ikipita kwa mgonjwa wa moyo mara mbili kwa wiki, itaokoa vitanda vya Russia. Ikibaki kuwa kifaa cha kujaza fomu, betri itakwisha na mkoba utaning'inia ukutani.

Vijana wana ugonjwa wao, wa vali kuharibika kutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa katika nyumba zenye msongamano. Kinga ni sindano ya penisilini ya muda mrefu, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Inauma. Mtoto anaikimbia, na baadhi ya wauguzi nao wanaiogopa kwa sababu ya mzio. Jaribio la Gulu, kaskazini mwa Uganda, lililochapishwa 2021 likiwa na watoto na vijana 818 wenye dalili za awali kabisa, lilikuta kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa 0.8 kwa mia ya waliochomwa, na kwa 8.2 kwa mia ya wasiochomwa. Wasioipata huishia kutafuta upasuaji Tenwek, Eldoret au Nairobi. Na aliyewekewa vali ya chuma huingia kwenye shule nyingine kabisa, ya warfarin. Huko ndiko nimesikia ushauri ulio mbaya kuliko wote: "Usile mboga za majani." Kumwambia mtu wa ufuo huu aache osuga, dek na sukuma wiki ni kumwambia aache kula. Vitamini K iliyomo kwenye majani hupunguza nguvu ya dawa, ni kweli, lakini kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika-badilika wiki hadi wiki, kisha dozi ipangwe kwa kufuata chakula hicho.

Vizuizi vinajulikana. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu siku 150, na mwenye presha aliukabili kwa kununua vidonge vichache vichache kwenye duka la dawa au kwa kuacha. Kenya na Uingereza zilitia saini 2021 makubaliano ya kupeleka wauguzi huko, na wanaoondoka si wale wasiojua kazi. Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote yaliyozinduliwa mjini humo Desemba 2018. Tangu hapo bima imebadilika jina na muundo, na mwenye daftari bado anaulizia kama amlodipine imefika. Usitishaji wa misaada ya Marekani mwanzoni mwa 2025 ulitikisa hata kile chumba chenye mafaili. Wapo wanaosema huo ndio mwisho wa kuota kuunganisha huduma. Mimi nauona kama sababu ya kuharakisha, maana kaunti haitamudu kulipia vyumba viwili.

Kama ningepewa jambo moja la kubadilisha Kisumu Magharibi, lingekuwa ruhusa. Muuguzi aliyefundishwa apewe mamlaka, kwa mwongozo ulioandikwa, ya kumwanzishia mgonjwa wa presha isiyo na matatizo dawa ya kwanza, kuongeza dozi mwezi unaofuata na kumpa vidonge vya miezi mitatu, bila kumrudisha kwenye foleni ya afisa tabibu ambaye leo yuko semina. Mwenye 180/110 na maumivu ya kifua aende Russia. Huyu wa 150/95 abaki karibu na kwake.

Na kaunti ibadilishe inachohesabu. Ripoti zinapenda idadi ya waliopimwa, kwa sababu inapanda kila kambi inapofanyika. Kila kituo, kuanzia zahanati ndogo hadi hospitali ya Chulaimbo, kingeweza kubandika ukutani namba nyingine: kati ya walioanzishwa dawa Januari, wangapi walikuja Desemba, na wangapi kati yao walikuwa chini ya 140/90. Watafiti walioweza kuandika kila kifo kuanzia Asembo hadi Gem wako hapo njia panda. Kufundisha vituo jirani kuitunza rejista hiyo si kazi ya kuwashinda.